Gari Linamjua Mwenyewe

Gari langu halijawahi kuniacha njiani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumbani kwangu huanza na mengine. Huanza na dirisha la nyuma la kushoto, ambalo halipandi likafika juu. Huanza na buti, ambalo halifunguki mpaka ulipige nyonga. Wakichoka hapo wanahamia kwenye honi, ambayo hulia yenyewe kila nikikata kona ya kushoto, kiasi kwamba watu wa upande huo wa mtaa wamezoea kunipungia mkono wakidhani nawasalimia. Nami huwapungia, maana salamu ya bure haikataliwi.

Ni gari dogo, la siku nyingi. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, sasa imekuwa ya chai ya maziwa. Petroli linanusa tu, halinywi. Wajukuu wangu wanaliita Shangazi, kwa sababu linalalamika njia nzima lakini likiitwa linakuja.

Mimi ni fundi wa mapazia. Napima madirisha ya watu, nashona, narudi kutundika. Fimbo za mapazia ni ndefu, na hapo ndipo lile dirisha lisilofunga linapopata kazi: fimbo zinaingiza kichwa dirishani mpaka miguuni pa kiti cha mbele, mkia unabaki nje umefungwa kitambaa chekundu. Fundi wa magari aliwahi kutaka kulitengeneza nikamwambia aliache kama lilivyo, asinivurugie biashara.

Kazi hii imenifundisha watu. Nimeingia nyumba ambazo dirisha la barabarani lina pazia la tabaka tatu, lenye mikunjo na kamba za dhahabu, na chumbani wametundika shuka kwa misumari. Siku hizi sishangai tena. Naandika vipimo vyangu, nakunywa maji niliyopewa, naaga. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba mmoja wa watu hao nimemzaa mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza tunamwita Bosi. Jina hilo alilipata akiwa bado na meno ya utoto, kwa sababu ukimtuma chumvi, yeye humtuma mdogo wake, kisha huipokea mlangoni na kuja kukukabidhi ili ashukuriwe. Sasa ni naibu meneja. Ana gari refu jeusi ambalo lina skrini kubwa kuliko televisheni yangu na ambalo muda mwingi liko gereji. Likiwa gereji ananipigia simu nikampeleke kazini. Tukikaribia ofisini anasema, "Mama, niache hapa hapa, ninyooshe miguu." Mtu ambaye nyumbani kwake akitaka rimoti anaita mtoto aliye jikoni, leo ananyoosha miguu. Namwacha. Mshale wa mafuta wa Shangazi huonyesha tangi limejaa hata likiwa limebakiwa na harufu tu, na katika hilo gari langu na mwanangu ni damu moja.

Sasa niseme habari ya kadi, maana ndiyo iliyonitia matatani.

Gari hili nililinunua kwa daktari mmoja wa meno niliyemshonea mapazia ya nyumba nzima na zahanati yake. Alikuwa anahama. Wakati huohuo Bosi alikuwa amempata binti wa watu, na alitaka kwenda kwao kuposa. Akaja kunikalia jikoni, uso umemshuka. "Mama, wale watu wanajiweza. Nikienda kwa miguu wataniona nani? Kadi ya gari iandikwe jina langu. Wakiuliza, nionekane na mimi mtu." Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea. Kadi ikaandikwa jina lake, gari akaenda nalo kuposa, akapewa mke, gari likarudi kwangu, na mimi nikaendelea kubeba fimbo zangu. Jina kwenye kadi nililisahau kama mtu anavyosahau kovu la mgongoni.

Miezi michache baada ya harusi, mkwe wangu alikuja kunisaidia kukunja vitambaa. Ni mwalimu wa hesabu, msichana wa maneno machache, na mimi nampenda. Akaniambia, "Mama, mimi nilifurahi sana mwanao alipokuachia gari lake. Wanaume wengi wakioa wanawasahau mama zao." Mkasi ulinisimama mkononi. Kumbe ndivyo alivyoambiwa. Nikafikiria kusema, nikaona ndoa ni changa, na nyumba husitiri mambo. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu ana moyo." Mungu anisamehe, nilisema hivyo nikiwa nimesimama karibu kabisa na gari langu.

Mambo yaliharibika Bosi alipohamia nyumba mpya, kwenye zile nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja na geti moja, ambako mlinzi anakuuliza unakwenda kwa nani hata kama jana amekuuliza. Jumapili moja waliniita chakula cha mchana. Mlinzi akalitazama Shangazi, akalizunguka, akaniambia kwa upole kwamba magari ya mafundi yanakaa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Nikamwambia mimi ni mama mzazi wa naibu meneja. Akasema, "Najua, mama. Yeye ndiye aliyeniambia."

Nikaegesha kwenye mapipa. Usikatae wito, kataa neno. Nikaingia kulisikia neno lenyewe.

Tulikula. Wajukuu wangu, mapacha, wakaenda kucheza. Bosi akajifuta mdomo kwa kitambaa cha mezani, akaegemea kiti kama yuko kwenye mkutano.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni wakati wako wa kupumzika."

"Ninaowajua wanaoambiwa wapumzike, mwanangu, wote wako makaburini."

"Usilichukulie hivyo. Lile gari limezeeka. Linavuja oili, kamati ya wakazi imeshanitumia ujumbe. Nimepata mtu wa kulinunua, atakuja Jumamosi. Wewe ukitaka kwenda mahali, unaita teksi kwa simu. Raha mustarehe."

"Na fimbo za futi tisa nitazikunja niziweke kwenye mkoba?"

"Mapazia yatakuja kuchukuliwa na wateja wenyewe."

"Mteja atakuja kutundikiwa pazia kwangu, halafu aondoke na ukuta wake?"

Mkwe wangu aliinama kuficha kicheko. Bosi hakucheka. Akasema polepole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto: "Mama, sipendi kufika huko. Lakini kadi ina jina langu."

Iliniuma. Sitaki kuzunguka maneno. Bila gari mimi si fundi tena, ni mwanamke mzima mwenye cherehani anayengoja mtu amkumbuke. Gari lile ndilo linalonifanya niamke, nioge, nigombane na watu wenye madirisha yaliyopinda, nirudi nimechoka vizuri. Nikamtazama mkwe wangu. Naye alinitazama kwa macho ya kusikitika, kama mtu anayeona kuwa jambo ni baya lakini ni haki: mtu alitoa zawadi yake, sasa anaitaka. Sentensi moja tu ingetosha kumaliza mambo pale pale mezani. Nikamtazama mwanangu, nikaona punje ya wali imemganda kidevuni, nikashindwa kumvua nguo mbele ya mkewe. Nikanyanyuka, nikashukuru kwa chakula, nikaenda kwenye mapipa kuchukua gari langu.

Wiki ile nilitundika mapazia ya watu huku nalia kwenye ngazi. Mwenye nyumba mmoja aliniuliza kama ni vumbi. Nikasema ni vumbi.

Jumamosi wakaja kwangu, Bosi na mkewe, kwa gari refu jeusi, ambalo siku hiyo lilikuwa na afya. Mnunuzi alikuja kwa miguu. Alikuwa muuza mayai, mwanamume mnene wa sauti ndogo, na mikononi alibeba trei nzima ya mayai.

"Hii ndiyo nalipimia gari," alieleza, akaiweka trei kibarazani karibu na cherehani yangu. "Maneno ya mtu yanaweza kunidanganya. Yai likipasuka, limepasuka. Mwenye gari ni nani?"

Bosi alikuwa na kadi mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki. "Mimi."

"Vizuri. Napenda kununua kwa mwenyewe, siyo kwa madalali. Hebu liwashe nilisikie."

Nilimpa Bosi ufunguo, nikarudi kukaa kwenye kigoda changu na pindo la pazia mapajani. Akaenda kwenye mlango wa dereva, akavuta kitasa. Mlango ukakaa. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikajitokeza. "Umekwama kidogo," alisema. Muuza mayai akatikisa kichwa kwa adabu. Bosi akazunguka, akaingilia upande wa abiria, akapanda juu ya gia na suruali yake ya kupigwa pasi mstari, goti moja hapa, jingine kule, mpaka akafika kwenye usukani. Mkwe wangu alikuwa amesimama kivulini, mikono kifuani, kama anasimamia mtihani.

Akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya kilekile. Akabonyeza kitu, vifuta maji vikaanza kwenda kushoto na kulia juu ya kioo kikavu, vinafuta jua.

"Ni betri," alisema kupitia dirishani.

"Betri iliyokufa haiendeshi vifuta maji, bwana mkubwa," alisema muuza mayai.

Bosi akanitazama kupitia kioo, mara yuko nyuma ya kifuta maji, mara hayuko. Macho yale nayajua. Ndiyo macho aliyokuwa akinitazama nayo chumvi ikimwagika njiani na mdogo wake hayupo wa kusingiziwa. Neno dogo tu lingemtoa, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikatia uzi kwenye sindano.

"Mama," mkwe wangu aliita, "hebu liwashe wewe."

Nikainuka. Mlango wa Shangazi haufunguki kwa kuvutwa. Unausukuma kwanza ndani kwa goti, unaukweza kidogo, ndipo unavuta. Nikampisha Bosi atoke alikoingilia. Nikaketi. Ufunguo unaingia mpaka mwisho, halafu unaurudisha nyuma kiasi kidogo sana, kama unamfinya mtoto wa mtu bila mama yake kuona, na hapohapo unazungusha. Shangazi likaitika mara moja.

Muuza mayai akaweka trei yake kiti cha nyuma. Aliniambia hakuna kuishika, ndiyo masharti. Akaketi mbele, mkwe wangu akaingia nyuma pembeni ya mayai, Bosi akabaki kibarazani akijipangusa vumbi magotini. Tukapita njia ya mawe nyuma ya shule, tukaruka matuta, tukazunguka sokoni. Kwenye kona ya kushoto honi ikalia, muuza matunda akanipungia, nikampungia. Muuza mayai naye akapunga.

"Unafahamika, mama," alisema.

"Ni honi. Inalia yenyewe."

"Ndiyo," alisema, akiwa ameridhika kabisa. "Na nyingine?"

Hapo nikaona mlango wa kutokea. Nikamwagia kasoro zote: buti, mshale wa mafuta, kiti cha abiria kinacholala chenyewe mtu akipiga chafya, oili, maji ya mvua yanayoingia miguuni. Nilisema kwa bidii, nikaongeza na za kuja baadaye. Kila nilichotaja, yeye aliitikia kama mtu anayesomewa sifa za bibi harusi. Tulipofika nyumbani akayakagua mayai, moja baada ya jingine, akiyainua kwenye mwanga. Yote mazima.

"Nalichukua," alisema. "Nimenunua magari kwa watu walioniambia hayana kasoro hata moja, wakanifilisi. Hili magonjwa yake yote yanajulikana na hakuna hata moja linaloua. Bwana mkubwa, njoo tuelewane."

Nilitaka kumfukuza mnunuzi, nikawa dalali bora kuliko dalali. Bosi alishaanza kutoa kadi kwenye plastiki, rangi imemrudia usoni.

"Baba Mapacha," alisema mkwe wangu. Hakupandisha sauti. "Wewe ulipokuwa nalo, ulikuwa unaliwashaje?"

"Zamani halikuwa hivi. Hizi kasoro ni za juzijuzi tu." Akaangalia kadi. "Unajua tena, mama analiendesha vibaya."

Kuuziwa gari langu nilikuwa nimeshavumilia. Kuhurumiwa nilivumilia, na mapipa ya taka pia. Lakini mimi nimelipandisha gari lile vilima vya mji huu nikiwa na fimbo, ngazi na mashine ya kutobolea kuta, sijawahi kugonga hata kuku, na kijana huyu kwenye gari lake refu hushangiliwa na skrini akifanikiwa kurudi nyuma bila kugusa ukuta. Hasira ikanipanda. Kumficha nilikomficha wiki nzima kukaisha hapohapo.

"Kasoro ya ufunguo nililinunua nayo," nilisema. "Daktari aliyeniuzia ndiye aliyenifundisha."

Mkwe wangu akageuka taratibu. "Aliyekuuzia wewe?"

"Mimi."

Muuza mayai alianza kuhesabu mayai yake upya, kazi ambayo haikuhitajika.

"Siku mlipokuja kwetu kuposa," alisema mkwe wangu, na nilimwona akipanga moja baada ya jingine, kama anavyofanya ubaoni, "gari lilikaa nje linaunguruma tangu mlipofika mpaka mlipoondoka. Tulikula likiunguruma. Baba alikuuliza mbona hulizimi. Unakumbuka ulimwambia nini?"

Bosi alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Ulimwambia injini ya maana haizimwi ovyo. Na baba yangu, mtu mzima na mvi zake, alituambia baada ya nyinyi kuondoka kwamba kijana anayechoma petroli namna ile si maskini."

Hilo nilikuwa silijui hata mimi. Asubuhi ile nilimwashia mwenyewe, nikamwonyesha namna ya ufunguo, akasema ndiyo ndiyo huku anajitazama kwenye kioo. Kumbe hakunisikiliza, akaogopa kulizima. Kicheko kilinijia kwa nguvu nikakiziba kwa pindo la pazia. Muuza mayai hakuwa na pazia, akacheka waziwazi, kisha akaomba radhi.

Mkwe wangu yeye hakucheka.

"Unajua mimi sikukupendea gari," alisema. "Gari niliona siku ileile kwamba ni bovu. Nilikupendea kulitoa. Nilisema, mtu huyu ameoa, ana mke wa kutembeza, halafu gari anamwachia mama yake na sisi tunapanda basi. Nimelisimulia kwa mama yangu. Nalisimulia kwa wanao wakati wa kulala. Kila ukinikera naikumbuka hiyo, nanyamaza."

Hapo kicheko kiliniisha chote. Nilimtazama yule binti na nikaona kilichokuwa kinauzwa pale kibarazani hakikuwa gari peke yake.

"Nilikusudia kukwambia," alisema Bosi.

"Usiniambie kitu. Mpe."

"Nini?"

"Gari. Mpe leo, mbele yangu. Jumatatu mnakwenda wote wawili kubadilisha jina. Mimi siwezi kwenda kuwaambia watoto kwamba nimewadanganya, kwa hiyo hadithi yangu itakuwa kweli, hata kama imechelewa."

"Lakini huyu bwana amekuja kununua..."

"Huyu bwana amekuja kununua gari, siyo kesi," alisema muuza mayai, akaikumbatia trei yake. Alinisogelea akaniambia polepole kwamba siku nikichoka kuendesha nimkumbuke yeye kwanza, akatoka kwa hatua za mtu aliyebeba mayai.

Tukabaki watatu. Bosi akaja mpaka kwenye kigoda changu, akanyoosha kadi kwa mkono mmoja. Mkewe akakohoa. Akaongeza wa pili.

"Mama," alisema, "gari hili nakupa."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, na mengine nilikuwa nimeyanoa wiki nzima juu ya ngazi. Lakini mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamemjaa maji, anangoja. Nikaweka sindano chini. Nikalipokea gari langu mwenyewe kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mabega ya mwanangu yakalegea. Uso ukamng'aa, akavuta pumzi kama mtu aliyetenda jambo kubwa la kheri.

"Si kitu, mama," alisema.